Risasi Iliyobonyea: Ipi ya Kupiga, Ipi ya Kuweka Kando

“Afande, hii naweza kuipiga?” Swali hili hunifikia karibu kila Jumamosi, tena huja na kiganja kilichofunguliwa, na juu ya kiganja kuna risasi ya bunduki aina ya .308 yenye kishimo begani, pale ganda linapoanza kukonda kuelekea shingoni. Nilikuwa fundi wa silaha serikalini hadi nilipostaafu, na sasa nasimamia usalama katika uwanja wa kulenga shabaha nje kidogo ya Nairobi. Vijana wa uwanjani bado wananiita Afande. Nimeamua kuandika jibu langu lote mahali pamoja kwa sababu pale uwanjani, bunduki zikilia na watu wakingoja zamu, huwa naishia kusema “weka kando”, na mtu anaondoka bila kujua kwa nini. Akijua kwa nini, ataweza kujiamulia vizuri hata siku ambayo sipo.

Namwandikia mwenye leseni, mwenye bunduki iliyokaguliwa na risasi alizonunua kwa muuzaji aliyesajiliwa. Mtu aliyeokota risasi barabarani au aliyeikuta kwenye sanduku la marehemu babu hana haja ya kusoma yote haya. Asiiguse, aite polisi.

Nianze na jibu. Kubonyea peke yake hakuiharibu risasi. Kishimo kidogo, laini, kisicho na kona kali, kilicho kwenye kiwiliwili au begani mwa ganda la shaba, kwa kawaida hakina madhara. Ganda lenye ufa, lenye mkunjo mkali, lililobonyea karibu na kitako (mwisho wake wa nyuma), lenye shingo iliyopinda, lenye kichwa (kile kipande kinachoruka) kilichosukumwa ndani au kinachocheza, au lenye fataki (kile kisahani cha kitakoni kinachopigwa na pini) iliyochomoza, hilo halipigwi. Na risasi usiyojua uiweke kundi gani, iweke kundi la pili bila kujadiliana. Watengenezaji kwa upande wao hushauri risasi yoyote iliyoharibika isipigwe kabisa, na mtu akiamua kulishika neno hilo kama lilivyo sina ugomvi naye. Ila nimeona wengi wanaoanza hivyo, kisha siku moja wanachoka kutupa risasi za bei na kuanza kupiga kila kitu. Afadhali ujue kupambanua.

Kazi ya ganda

Watu wengi hudhani ganda ni chombo cha kubebea baruti tu. Kazi yake kubwa huonekana pale baruti inapowaka. Moto ukianza, ganda hutanuka na kujibana kwenye kuta za chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa, na kule kujibana ndiko kunakozuia gesi isirudi nyuma kuelekea usoni kwako. Gesi ikishasukuma kichwa nje ya mtutu, shaba hunywea kidogo na ganda hutoka kwa urahisi. Yote hayo humalizika ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde.

Shinikizo lenyewe si la kuchezea. Kwa .308 Winchester, kikomo kilichowekwa na chombo cha viwango cha watengenezaji wa Marekani, SAAMI, ni pauni 62,000 kwa kila inchi ya mraba. Kwa .223 Remington ni 55,000, na kwa .30-06 ni 60,000. Hata .22 ndogo, ile tunayowapa wanafunzi wapya, inafika 24,000. Kinachosimama kati ya shinikizo hilo na jicho lako ni chuma cha bunduki pamoja na ganda jembamba la shaba iliyochanganywa na zinki, kwa kawaida sehemu 70 kwa 30. Mchanganyiko huo ulichaguliwa kwa sababu unanyumbulika bila kupasuka. Ndiyo maana kishimo kidogo hakitishi: shinikizo lilelile linalotanua ganda zima hukisukuma kishimo nje mpaka kikalala kwenye ukuta wa chemba. Ukiliokota ganda baada ya kupiga, mara nyingi hutaona kilipokuwa.

Lakini haiwi hivyo kwa kila kishimo. Ukimtazama fundi wa bodi kule Grogan akinyoosha mlango wa gari, utaona kwamba bati lililozama kwa ulaini analisukuma kwa nyuma nalo linarudi, ila palipokunjika na kuwa na ukingo mkali, rangi imepasuka na bati lenyewe limechoka. Shaba ya ganda ni hivyohivyo. Mkunjo mkali ni mahali ambapo chuma kimeshanyumbulika kupita uwezo wake, na ukikitaka kitanuke tena kwa ghafla, hapo ndipo kitakapoachia.

Namna ya kukagua

Usikague uwanjani ukiwa na haraka. Kagua nyumbani, mchana, karibu na dirisha, bunduki ikiwa imefungiwa kwenye kabati lake na watoto wakiwa mbali. Unahitaji kitambaa kikavu, tochi ndogo, miwani yako ya kusomea kama macho yamefika umri wangu, na kalipa ya kupimia urefu, ile ambayo maduka ya zana huwauzia mafundi wa magari. Mimina risasi juu ya taulo, zote za boksi moja, usichanganye maboksi.

Shika moja moja na uizungushe taratibu chini ya mwanga. Pitisha ukucha juu ya kila unachokiona. Kishimo ambacho ukucha unapita juu yake kwa ulaini ni tofauti na mstari ambao ukucha unakwama. Ukucha ukikwama, hicho ni kina cha kutosha kukufanya usimame uangalie kwa makini zaidi.

Begani utakuta vishimo mara nyingi, hata kwenye risasi mpya kabisa. Mafuta yanayotumika kiwandani kulainisha ganda wakati wa kulifinyanga yakizidi hukusanyika hapo, na kwa kuwa majimaji hayabanwi, yanasukuma shaba ndani na kuacha kijibonde laini. Mtu akiniletea risasi ya namna hiyo, kichwa kikiwa kimekaa sawa, namwambia apige. Kitu kingine kabisa ni bega zima lililosukumwa nyuma, kwa mfano risasi iliyobamizwa kwa pua dhidi ya mdomo wa chemba mara nyingi. Ganda la .308 husimamishwa na bega lake likiwa ndani ya chemba. Bega likirudi nyuma, risasi inaingia kwa kina kupita inavyotakiwa, nyuma inabaki nafasi, na ukipiga, ganda linavutika kuijaza nafasi ile. Likivutika sana hukatika vipande viwili. Risasi za aina nyingine hazitegemei bega kiasi hicho: .303 ya Kiingereza husimamishwa na ukingo wake mpana wa nyuma, na .375 H&H ina mkanda wa shaba juu kidogo ya kitako kwa kazi hiyohiyo.

Kiwiliwili ndiyo sehemu yenye uvumilivu zaidi. Watu huniuliza kama kishimo hapo hakipunguzi nafasi ya baruti na kupandisha shinikizo. Kinapunguza, ndiyo, lakini angalia ukubwa. Ganda la .308 lina ujazo wa takriban mililita 3.6. Kishimo kidogo kuliko punje ya mchele hula sehemu ndogo mno ya ujazo huo, na chenyewe hufutika shinikizo linapoanza kupanda. Ganda lililobonyea kiasi cha kubadilika umbo ukiliangalia kwa mbali ni habari nyingine. Hilo weka kando, na hata kama ungetaka kulipiga, huenda lisiingie kwenye chemba.

Kitako hakina msamaha. Sehemu ya chini ya ganda ni nene, imejengwa hivyo kwa makusudi, kwa sababu hapo ndipo shinikizo linaposukuma moja kwa moja kwenye bolti, kile chuma kinachofunga chemba kwa nyuma, na kwenye bunduki nyingi kipande kidogo cha nyuma hakifunikwi kikamilifu na chemba. Jiulize: pigo gani limeweza kubonyeza sehemu nene namna hiyo? Risasi iliyokanyagwa na gurudumu, au iliyobanwa na mlango wa gari, au iliyogongwa na chuma. Hutajua nini kingine kimevunjika ndani. Usiipige.

Kichwa kilichozama

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu huangalia ganda na kusahau kichwa.

Kichwa cha risasi kinashikiliwa na shingo ya ganda kwa kubanwa tu. Kikigongwa kwa pua kinaweza kuzama ndani. Kikizama, nafasi ya baruti inapungua, na baruti ikiwaka kwenye nafasi ndogo shinikizo hupanda kwa kasi. Kwenye risasi ndefu ya bunduki, milimita moja ina athari ndogo kuliko kwenye risasi fupi ya bastola, lakini hakuna sababu ya kubahatisha. Chukua kalipa, pima urefu mzima wa risasi unayoitilia shaka, kisha pima nyingine tatu au nne za boksi hilohilo. Kikomo cha .308 ni milimita 71.37 na cha .223 ni milimita 57.4, ila usilinganishe na kikomo, kwa kuwa risasi nyingi hutengenezwa fupi zaidi. Linganisha na ndugu zake wa boksi moja. Ikiwa wao wanakaribiana na hiyo moja ni fupi waziwazi, ina tatizo.

Kisha jaribu kukizungusha kichwa kwa vidole, bila koleo, bila nguvu. Kikizunguka au kikicheza, weka kando. Iviringishe risasi juu ya kioo cha meza na uangalie pua yake: ikiyumbayumba, shingo imepinda.

Hili linawahusu zaidi wanaobeba bastola, na Nairobi ndio wengi. Kila jioni mwenye bastola anatoa risasi iliyokuwa kwenye chemba, asubuhi anairudisha ileile. Kila inapoingia inagonga pua. Baada ya muda kichwa kinaanza kuzama, polepole, na mwenyewe haoni kwa sababu anaiona kila siku. Ilinganishe na mpya mara kwa mara, na usiirudishe ileile kwenye chemba kila asubuhi.

Fataki

Ile sahani ndogo katikati ya kitako, inayopigwa na pini, inapaswa kuwa usawa na kitako au ndani kidogo. Pitisha kidole. Ukihisi imechomoza, hiyo ni hatari kubwa kuliko kishimo chochote nilichokitaja, kwa maana bolti inaweza kuigonga kabla haijajifunga. Fataki yenye alama ndogo kama ya sindano hutokea kwenye bunduki ambazo pini yake haina springi ya kuirudisha. Bolti ikifunga kwa kasi, pini inaigusa fataki kidogo. Alama hiyo ni ya kawaida kwa bunduki hizo, ila usiirudie kuiingiza risasi hiyohiyo mara nyingi.

Risasi ndogo ya .22 haina fataki katikati. Kemikali inayowaka imo ndani ya ukingo wa kitako, kuzunguka. Kwa hiyo kwenye .22 ukingo uliobonyea hauna mjadala: haupigwi. Ganda lake pia ni jembamba sana.

Boksi lililoanguka Kilimani

Mhasibu mmoja, kijana mtulivu ambaye hufika mapema kuliko wote, alikuwa anapanda ngazi za nyumba yake Kilimani na boksi la .308 likamponyoka. Zikabiringika hadi chini, ngazi za saruji. Aliniletea zote 20 kwenye mfuko akiwa ameshakata tamaa. Nikamwambia, kijana wangu, kaa tuzipitie. Risasi kuanguka tu kwa kawaida hakuilipui, na nyingi huwa hazijapata chochote.

Tulizipanga mezani. Kundi kubwa halikuwa na alama. Tano zilikuwa na vishimo laini kwenye kiwiliwili, tukapima urefu wake, zikalingana na nyingine, zikaingia kwenye kipimo cha chemba bila kukwama. Hizo alipiga siku hiyo, na maganda yakatoka yamenyooka. Moja ilikuwa imeangukia pua: kichwa kimezama kiasi ambacho jicho lenyewe liliona, na kalipa ikathibitisha. Nyingine ilikuwa na mstari mkali kwenye mdomo wa shingo, na chini ya tochi tukaona ufa mwembamba kama unywele ukishuka kutoka mdomoni. Hizo mbili ziliwekwa kando. Kijana alitaka kuninyooshea ile yenye shingo kwa koleo lake la mfukoni. Hapana. Risasi yenye baruti hainyooshwi kwa koleo, haigongwi kwa nyundo, haipashwi moto, na haipigwi msasa.

Tuliwezaje kujaribu kuingia? Uwanjani pana kipimo, kipande cha chuma kilichotobolewa sawasawa na chemba. Kama huna, usijaribu kwenye bunduki ukiwa sebuleni. Risasi kwenye chemba ya bunduki ndani ya nyumba ya ghorofa, na jirani upande wa pili wa ukuta, ni jambo ambalo sitalikubali kwa sababu yoyote. Subiri ufike uwanjani, mtutu ukielekea kwenye tuta la udongo linalozuia risasi.

Maganda matupu

Wenzetu wa Afrika Kusini na Marekani hujaza upya maganda yao wenyewe, na vijana wakiona video hizo huanza kuyakusanya. Kwetu kutengeneza risasi ni kazi inayosimamiwa na sheria, si shughuli ya gereji ya nyumbani, kwa hiyo sifundishi kujaza. Lakini kulisoma ganda lililopigwa ni ujuzi kwa kila mwenye bunduki, kwa sababu ganda hilo linakueleza hali ya bunduki yako.

Ganda likitoka limebonyea mdomoni au ubavuni, usishtuke. Bunduki zinazojipakia zenyewe hulirusha ganda kwa nguvu likagonga chuma. G3, ile ndefu ambayo Wakenya wengi wameiona begani mwa askari, inajulikana kwa hilo: hulirusha mbali, mara nyingi likiwa na kibonyeo ubavuni, na hulichora mistari ya urefu kwa sababu chemba yake ina vijifereji vya kupitisha gesi ili ganda lising'ang'anie. Hayo ni makovu ya baada ya kazi. Mdomo uliobonyea hunyooka ganda linapopitishwa kwenye chuma cha kulirudisha umbo, na ganda likabaki zima.

Tafuta vitu vingine. Pete inayong'aa kuzunguka ganda, juu kidogo ya kitako, ni dalili kwamba shaba inavutika na kukonda hapo. Wajazaji hukunja ncha ya waya mwembamba na kuikwaruza ndani ya ganda: ncha ikizama kwenye mfereji mahali pa ile pete, ganda liko karibu kukatika. Ukiona pete hiyo kwenye maganda ya risasi mpya za dukani, acha kupiga na upeleke bunduki kwa fundi ipimwe nafasi ya chemba. Ukiona weusi wa moshi kuzunguka fataki, gesi imerudi nyuma, acha vilevile. Ufa wa urefu shingoni huwa ni shaba iliyochoka. Ufa wa urefu karibu na kitako ni tatizo zito, na bunduki isipigwe tena siku hiyo.

Maganda ya chuma yaliyopakwa rangi, na yale ya alumini, hayana uvumilivu wa shaba. Kishimo nilichokisamehe kwenye shaba sikisamehe kirahisi kwenye hayo.

Shaba huoza pia

Mama mmoja mwenye shamba Laikipia alikuja na mkanda wa ngozi wa baba yake, umejaa risasi za .303. “Afande, hizi hazijabonyea hata moja,” akaniambia. Kweli, hazikuwa zimebonyea. Lakini kila palipogusa ngozi palikuwa na ukoko wa kijani. Kemikali zinazotumika kulainishia ngozi hula shaba taratibu, na nilipofuta ukoko kwenye moja palibaki vijishimo kama vya mchwa. Nikamwambia, Mama, hizi hatuzipigi, na mkanda wake tuutunze kama kumbukumbu ukiwa mtupu. Doa la kahawia ambalo kitambaa kinaondoa si neno. Kutu iliyochimba ndiyo inayokondesha ukuta wa ganda.

Kuna adui mwingine ambaye haonekani kabisa. Katika karne ya 19 jeshi la Uingereza nchini India lilikuwa likiweka risasi kwenye mazizi ya farasi wakati wa masika, na maganda yakawa yanapasuka yenyewe bila kupigwa. Sababu ilikuja kuelezwa mwaka 1921 na Moore, Beckinsale na Mallinson: amonia iliyotoka kwenye mkojo wa farasi ilikuwa ikiingia kwenye shaba iliyobaki na mkazo tangu ilipofinyangwa, na kuipasua. Hapa Nairobi hatuna farasi wengi, lakini Ruai na Kitengela watu wanafuga kuku nyuma ya nyumba, na samadi ya kuku inatoa amonia ambayo pua yenyewe inaitambua. Stoo ya risasi isiwe upande huo. Na usizing'arishe risasi kwa polishi ya shaba yenye amonia, hata kama zinapendeza. Hapa ndipo kubonyea kunaporudi kwenye hesabu: kishimo ni mahali penye mkazo, na penye mkazo ndipo amonia inapopata njia.

Ukiwa kwenye mstari wa kupigia

Miwani ya usalama machoni na vizuia sauti masikioni, kabla ya chochote. Miwani hiyo ndiyo kinga yako kama ganda litapasuka. Waliobuni Mauser 98, bunduki ya zamani ya Kijerumani, waliweka kwenye bolti mashimo ya kutolea gesi pembeni kwa ajili ya siku hiyo, na bado sitampa mtu nafasi ya kupiga bila miwani kwa kutegemea mashimo.

Bolti isipofunga kwa ulaini, usiisukume kwa kiganja. Kwenye bunduki inayojipakia, usipige kitasa ili kuilazimisha. Risasi inayokataa kuingia imeshakujibu swali lako. Itoe, mtutu ukibaki kuelekea tutani, uiweke kando.

Ukifyatua na kusikia “tak” bila mlipuko, usifungue. Shikilia bunduki ikielekea tutani na uhesabu walau sekunde 30. Mimi huhesabu hadi 60, kwa sababu baruti wakati mwingine inachelewa kuwaka na sitaki iwake bolti ikiwa wazi. Kisha fungua, uso ukiwa pembeni.

Ukisikia mlio dhaifu, kama kifuniko cha chupa, na bega halikusukumwa, simama kabisa. Usipige nyingine. Huenda kichwa kimekwama ndani ya mtutu, na risasi itakayofuata itapasua mtutu. Ita msimamizi, toa risasi zote, toa bolti, tazama mtutu kwa mwanga kutoka nyuma. Watu hukasirika nikiwasimamisha kwa hili. Nitaendelea kuwasimamisha.

Zile ulizoziweka kando

Zitenge kwenye kikopo chenye alama, mbali na risasi nzuri, ndani ya kabati la kufuli. Usizitupe kwenye pipa la taka. Taka za Nairobi hupitia mikononi mwa watu kabla hazijafika jalala la Dandora, na kuna vijana wanaochambua vyuma kwa mikono mitupu. Usizichanganye na vyuma chakavu vya kuuza: risasi nzima kwenye tanuru la kuyeyushia shaba hupasuka na kurusha vipande vya ganda. Usizichome, usizifukie shambani, usizitumbukize chooni.

Zipeleke kituo cha polisi ukiwa na cheti chako cha bunduki na kitambulisho. Piga simu kwanza umweleze ofisa wa zamu kwamba una risasi mbovu za kurudisha, naye atakuelekeza uzilete vipi. Usimwage risasi juu ya kaunta ya watu bila maelezo. Hakikisha zinaandikwa: aina, idadi, tarehe, na jina la aliyezipokea, kisha omba namba ya kumbukumbu ya OB, kile kitabu cha matukio cha kituo. Nakala uiweke pamoja na risiti ulizonunulia, kwa maana cheti chako kina idadi ya risasi unayoruhusiwa, na siku Bodi ya Leseni za Bunduki itakapokuuliza zilikwenda wapi, karatasi hiyo ndiyo itakayojibu.